Gurudumu Linaloingia na Gurudumu Linalofaa

Katika divisheni ya Nakawa, mashariki mwa jiji la Kampala, pikapu ya zamani bado ni chombo cha kazi kabla ya kuwa kumbukumbu, na kwa sababu hiyo uchaguzi wa saizi ya rimu na matairi yake unagusa mfuko wa mwenye gari na usalama wa watu walioko barabarani. Kwa pikapu ya zamani hapa inakusudiwa gari dogo la mizigo lililoundwa kabla ya miaka ya 1990, lenye kichwa cha dereva mbele na bodi ya wazi nyuma: Datsun 620, Toyota Hilux za vizazi vya awali, Land Cruiser zenye bodi fupi ya chuma, Peugeot 504 na Land Rover zilizokatwa nyuma ya viti. Magari hayo yanapofika mwisho wa maisha ya rimu zake za kiwandani, ambazo zimeliwa na kutu au kupindwa na mashimo, mwenye gari hulazimika kutafuta nyingine, na hapo ndipo maswali yanapoanza.

Ugumu wa maswali hayo umeongezwa na sheria. Marekebisho ya Sheria ya Usalama Barabarani ya Uganda yaliyopitishwa mwaka 2018 yalipiga marufuku kuingiza nchini magari yaliyotimiza umri wa miaka 15 tangu kuundwa, kwa hiyo Hilux ya mwaka 1984 inayoonekana leo karibu na soko la Nakawa ni miongoni mwa zile zilizokuwamo nchini tayari, na haitapata ndugu yake wa umri huo bandarini Mombasa wa kuvunjwa kwa ajili ya vipuri. Kinachoingia kwa wingi ni magari mapya zaidi, ambayo hupangwa katika yadi zinazoitwa bondi, na nyingi kati ya yadi hizo zimefuata Barabara ya Jinja hapo hapo Nakawa, yalipo pia makao makuu ya Mamlaka ya Mapato. Rimu zinazotoka katika magari hayo mapya, pamoja na zile zinazouzwa katika soko la Kisekka katikati ya jiji, ndizo zinazoishia kwenye pikapu za zamani. Kuna ufundi wa kweli katika kazi hiyo, na Nakawa ina haki ya kujivunia, kwa kuwa chuo chake cha ufundi stadi, kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa msaada wa Japani, kimefunza makanika wa vizazi kadhaa. Hata hivyo ufundi wa kuliingiza gurudumu ni kitu kimoja, na ujuzi wa kuamua kama gurudumu hilo linafaa ni kitu kingine, na ajali nyingi zinazoweza kuepukika huzaliwa katika nafasi iliyopo kati ya hivyo viwili.

Hatua ya kwanza ni kusoma maandishi yaliyoko ubavuni mwa tairi, ambalo fundi wa Nakawa huliita mupiira, neno la Kiganda litumikalo pia kwa mpira wa miguu. Maandishi hayo hufuata mifumo mitatu iliyozaliwa katika nyakati tofauti, na pikapu ya zamani huikuta yote mitatu dukani. Mfumo wa kale huandikwa 7.50-16, ambapo namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi na ya pili ni kipenyo cha rimu, pia kwa inchi. Mfumo wa kati huandikwa 185R14C: upana ni milimita 185, herufi R yaonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, rimu ni ya inchi 14, na herufi C ni alama ya tairi la gari la biashara, lililoimarishwa kwa ajili ya mzigo. Mfumo wa sasa huandikwa 235/85R16, na namba iliyo baada ya mkwaju ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu haipimi milimita. Inaeleza kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 85 ya upana. Tairi lisilo na namba hiyo, kama 185R14C, huhesabiwa kuwa na ubavu wa takriban asilimia 80 au zaidi kidogo, yaani ubavu mrefu wa kizamani.

Herufi R nayo inastahili maelezo, kwa kuwa pikapu hizi nyingi ziliundwa wakati ambapo matairi ya nyuzi zilizokingamana kwa mshazari yalikuwa ya kawaida, ingawa Michelin ilikwisha kusajili hataza ya tairi la radiali mwaka 1946. Tairi la mshazari lina ubavu mgumu na huvumilia kuchomwa na mawe, lakini hupata moto haraka kwenye lami na hulifanya gari lifuate mifereji ya barabara. Tairi la radiali hulala vizuri zaidi barabarani na huchelewa kuisha. Aina hizo mbili hazipaswi kufungwa kwenye ekseli moja, kwa sababu zinaitika tofauti dereva anapokata kona, na pale uhaba unapomlazimisha mtu kuzichanganya katika gari moja, za radiali hukaa nyuma.

Baada ya kusoma, kipimo kinachopaswa kutangulia vingine vyote ni kimo kizima cha gurudumu, yaani kipenyo cha tairi lililojazwa upepo, kwa kuwa gia, breki, spidometa na nafasi iliyo chini ya madigadi vyote vilipangwa na mtengenezaji kwa kufuata kimo hicho. Hesabu yake ni nyepesi. Tairi la 235/85R16 lina ubavu wa milimita 235 mara 0.85, ambao ni karibu milimita 200; ubavu huo ukihesabiwa mara mbili, juu na chini, na kujumlishwa na milimita 406 za rimu ya inchi 16, kimo huwa karibu milimita 806. Tairi la kale la 7.50-16, ambalo Land Cruiser na Land Rover ndefu zilivaa, lina kimo kinachokaribia hicho hicho, hivyo saizi hizo mbili, ambazo kwa maandishi hazifanani hata kidogo, ni jamaa wa karibu. Vivyo hivyo 205R16 ya Hilux zinazovuta kwa magurudumu yote manne, yenye kimo cha karibu milimita 736, hupata mbadala mwema katika 225/75R16, ambayo inaizidi kwa milimita 8 tu.

Pale ambapo maandishi yamefutika, chaki na futi kamba hutosha. Alama ya chaki huchorwa ubavuni mwa tairi mahali linapogusa sakafu, na nyingine juu ya sakafu yenyewe; gari husukumwa polepole hadi alama ya tairi irudi chini, kisha umbali uliopatikana hugawanywa kwa 3.14. Jibu hutoka dogo kidogo kuliko kimo cha hesabu, kwa sababu tairi hubonyea chini ya uzito wa gari, lakini magurudumu mawili yaliyopimwa kwa njia hiyo moja na juu ya sakafu hiyo moja yanaweza kulinganishwa kwa haki.

Kimo kinapokiukwa, gari huonyesha. Mwenye Hilux anayeacha 205R16 na kuvaa 265/75R16 alizozitoa kwenye gari kubwa zaidi huongeza kimo kwa karibu asilimia 9, hivyo spidometa, ambayo huhesabu mizunguko inayotoka kwenye giaboksi bila kujua saizi ya tairi, husoma kilomita 80 kwa saa wakati gari linakwenda 87. Kwa malipo ya nyongeza hiyo, ekseli hunyanyuka milimita 34 peke yake, kwa sababu nusu ya ongezeko huenda juu. Gia zote huwa kana kwamba zimerefushwa, na injini ya dizeli ya lita 2.4, ambayo ilikuwa na nguvu za kadiri hata ilipokuwa mpya, hukosa pumzi kwenye miinuko ya Mbuya na Naguru, dereva akalazimika kutumia gia ya kwanza mahali ambapo ya pili ilikuwa ikitosha, na klachi ikalipa deni hilo. Breki nazo hulemewa, kwa kuwa gurudumu refu ni sawa na mtaimbo mrefu unaoshindana na kiatu cha breki, na pikapu hizi kwa kawaida zina breki za ngoma nyuma. Mabadiliko ya asilimia 2 au 3 gari huyachukua bila kulalamika. Zaidi ya hapo mwenye gari anabadilisha mashine, wala habadilishi matairi tu.

Jambo la pili kwa uzito, ambalo katika eneo la soko lingeweza kuhesabiwa la kwanza, ni mzigo. Kila tairi la kisasa huandikwa namba ya uwezo baada ya saizi yake: 88 ni kilo 560, 102 ni kilo 850, 106 ni kilo 950, na 120 ni kilo 1,400, zote zikiwa kwa tairi moja. Uchukuliwe mfano wa pikapu yenye uzito wa kilo 1,200 ikiwa tupu, iliyopakia mikungu 40 ya matoke yenye wastani wa kilo 25 kila mmoja, pamoja na dereva na mwenye mali. Mzigo huo wa kilo 1,000 unalala karibu wote juu ya ekseli ya nyuma, ambayo pamoja na sehemu yake ya uzito wa gari itabeba karibu kilo 1,470, yaani kilo 735 kwa kila tairi. Tairi la 185R14C lenye alama 102 linaubeba mzigo huo na kubakiza akiba. Tairi la gari dogo la abiria, 185/70R14 lenye alama 88, linaingia kwenye rimu hiyo hiyo ya inchi 14, bei yake huvutia, na kwa macho ya mtu asiyejua linafanana na lile la kwanza. Lakini matairi mawili ya aina hiyo yana uwezo wa kilo 1,120 tu, upungufu wa kilo 350 ambao mpira utaulipia kwa kujikunja, kupata moto na hatimaye kupasuka gari likiwa katika mwendo. Uwezo uliochapishwa pia una sharti lake, kwa maana 185R14C ya plai 8 hufikia kilo 850 ikijazwa upepo wa pauni 65, na fundi wa pancha aliyezoea pauni 35 za magari madogo anaweza kulinyima tairi zuri nguvu zake bila kukusudia.

Kwa bahati njema, saizi hiyo ya 185R14C na ndugu yake 195R15C ni rahisi kupatikana Kampala kwa kuwa ndizo zilizovaliwa na HiAce nyingi za abiria, ambazo Waganda huziita taksi, na duka la matairi huweka kile kinachotoka kila siku. Zamani ukanda huu ulikuwa na viwanda vyake, General Tyre mjini Arusha na kile cha Nairobi kilichotoa matairi ya Yana hadi kiliposimamisha uzalishaji mwaka 2016. Sasa rafu zinajazwa na matairi ya kutoka ng'ambo, ambayo hufuata saizi zinazohitajika na magari mengi. Mwenye Datsun au Hilux ya kuvuta kwa magurudumu ya nyuma anayebaki na inchi 14 anakuwa amesimama upande wa soko lenye neema. Anapaswa bado kuangalia tarakimu 4 za mwisho katika alama ya DOT, zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kama vile 2319 kwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, kwa kuwa tairi huzeeka hata likiwa rafuni. Kashata zake, yaani vitalu vya mpira vinavyogusa barabara, zinaweza kuwa nzima huku mpira wenyewe umekauka na kupasuka mipasuko myembamba.

Kishawishi kikubwa kuliko vyote kimo katika namba 139.7. Hicho ni kipenyo, kwa milimita, cha duara linalopita katikati ya bolti 6 za gurudumu, sawa na inchi 5.5, na kilichaguliwa na watengenezaji wengi wa Kijapani: Datsun 620, Hilux za magurudumu manne, Land Cruiser za zamani, HiAce, pamoja na pikapu nyingi za Mitsubishi na Isuzu, zote zina bolti 6 kwenye duara hilo. Kwa sababu hiyo rimu ya karibu gari lolote la bolti 6 lililopo bondi huingia kwenye karibu pikapu yoyote ya bolti 6, na kuingia kwake hupokewa kama ushahidi wa kufaa. Magari mengine hayana uhuru huo: Hilux nyingi za kuvuta kwa nyuma zina bolti 5 kwenye duara la milimita 114.3, Land Rover za zamani zina bolti 5 kwenye duara la 165.1, na baadhi ya Land Cruiser za kisasa zina bolti 5 kwenye 150. Bolti zinapokuwa 6 kipimo huchukuliwa moja kwa moja kutoka katikati ya bolti moja hadi ile inayoielekea. Zinapokuwa 5 hakuna inayoelekeana na nyingine, kwa hiyo hupimwa umbali kati ya bolti mbili jirani na kuzidishwa kwa 1.7. Milimita 67 kati ya jirani na jirani zinaonyesha duara la 114.3.

Baada ya bolti kukubali, yako mambo madogo yanayoamua usalama. Tundu la katikati ya rimu halina budi kupita juu ya habu bila kulazimishwa, na tundu lililochongwa kwa msasa wa umeme ili lipanuke ni tundu lisilo duara tena. Nyuzi za bolti za Toyota, Mitsubishi na Isuzu kwa kawaida hupishana milimita 1.5, ilhali za Nissan na Datsun hupishana milimita 1.25, na kwa kuwa unene wa bolti ni ule ule wa milimita 12, nati ya Toyota huanza kuingia kwenye bolti ya Datsun kwa mizunguko michache, kisha hukaza. Fundi mwenye spana ndefu huendelea kuisukuma akidhani ni kutu, na kumbe anakata nyuzi za bolti. Tofauti ya tatu ni uso wa nati. Nati ya rimu ya chuma ina ncha ya koni inayokaa ndani ya shimo la koni, wakati rimu nyingi za aloi zilizotoka kiwanda cha Toyota hutumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Nati bapa ikifungwa kwenye shimo la koni hugusa ukingo mwembamba tu. Inaonekana imekaza, spana inakataa kugeuka, lakini baada ya kilomita chache ukingo ule hulika na gurudumu huanza kucheza. Anayenunua rimu Kisekka ana sababu ya kudai nati zake, na kuzishika mkononi na kuzilinganisha na mashimo kabla ya kulipa.

Lipo pia suala la ofseti, yaani umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaogusa habu. HiAce za kuanzia mwaka 2004 kwa kawaida zina ofseti ya milimita 35, ambayo huivuta rimu ndani kuelekea chasi, huku pikapu nyingi za zamani zikitumia ofseti ndogo zaidi. Rimu hiyo ikifungwa kwenye pikapu ya zamani, tairi linaweza kusugua springi ya majani au mkono wa stelingi pale usukani unapokatwa hadi mwisho, na dawa inayotolewa mitaani ni speza, pete ya chuma inayowekwa kati ya habu na rimu. Speza nyembamba hupunguza urefu wa bolti ambao nati inashika, na nene huongeza mzigo kwenye beringi. Katika pikapu ya kubeba tani moja hakuna kati ya hizo inayostahili kuitwa suluhisho.

Rimu za pete zinahitaji kutengewa nafasi yake. Hizi ni rimu za vipande viwili au zaidi, ambapo upande mmoja hushikiliwa na pete ya chuma inayoingia katika mfereji wake, na zilifungwa kwenye Land Cruiser nyingi na baadhi ya Hilux, zikivaa matairi ya inchi 16 yenye tyubu na mkanda wa mpira unaoilinda tyubu isisuguane na chuma. Sifa yao ni kwamba tairi hutolewa kando ya barabara kwa mitaimbo miwili na nyundo, bila mashine yoyote. Hatari yao ni kubwa mno kulinganishwa na sifa hiyo. Pete iliyopinda kidogo, au iliyokaa juu ya kutu badala ya kukaa mferejini, inaweza kuruka wakati tairi linajazwa upepo, ikiwa na nguvu ya kuua mtu aliyeinama juu yake. Kanuni zake hazina mjadala: upepo wote hutolewa kwa kung'oa moyo wa vali kabla ya nati yoyote kulegezwa, mfereji na pete husuguliwa hadi chuma kionekane, pete ya rimu moja haikopeshwi rimu nyingine, na gurudumu hujazwa likiwa ndani ya kizimba cha chuma, mjazaji akiwa amesimama kando na mpira mrefu wa kompresa mkononi. Wala rimu ya aina yoyote haichomelewi tairi likiwa bado limo, hata kama halina upepo.

Kwa mwenye Land Cruiser ya aina hiyo, rimu ya chuma ya kipande kimoja, yenye inchi 16 na upana wa inchi 6 au 7, pamoja na 235/85R16 isiyo na tyubu, ndiyo badiliko bora kuliko yote yaliyozungumzwa hapa. Kimo kinabaki kile kile, uwezo wa kilo 1,400 kwa tairi unazidi mahitaji, na pete inaondoka katika maisha ya fundi. Tahadhari yake ni moja, kwamba tairi hilo halifungwi kwenye rimu ya pete ya zamani, kwa sababu rimu hiyo aghalabu ina upana wa inchi 5.5, pungufu ya inchi 6 zinazohitajika, na pia haizuii upepo kutoka bila tyubu.

Rimu za aloi za inchi 17 au 18 zenye tairi la ubavu mfupi hupendwa, na uzuri wake kwenye Hilux ya zamani iliyopakwa rangi upya haukataliki. Lakini pikapu inayokwenda Kayunga kuchukua mananasi hupita kwenye changarawe nyekundu iliyochimbwa na mvua, na ubavu mrefu wa mpira ni sehemu ya springi zake. Chuma kikipinda hunyooshwa. Aloi ikigonga ukingo wa shimo inaweza kupasuka, na ufa wake hujificha nyuma, upande ambao mnunuzi wa pili hataugeuza autazame.

Hesabu ya mwisho ni ya magurudumu 5. Gurudumu la akiba lenye kimo tofauti, likifungwa nyuma, hulazimisha difu kufanya kazi mfululizo hata gari linapokwenda moja kwa moja bila kukata kona, na likiwa kubwa kuliko la zamani huenda lisiingie mahali pake chini ya bodi, hivyo nafasi hiyo nayo hupimwa kabla ya fedha kutoka. Rimu zikishafungwa, nati hukazwa kwa kukingamana, moja kisha ile iliyo upande wa pili, gari likiwa limeshushwa nusu kutoka kwenye jeki, na hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100, rangi na kutu vikiwa vimekwisha kusagika kati ya rimu na habu. Kutoka Nakawa hadi Jinja ni chini kidogo ya kilomita 80, kwa hiyo pikapu iliyovalishwa magurudumu mapya asubuhi na kutumwa huko inapaswa kukaziwa nati zake palepale Jinja, ikiwa bado tupu, kabla ya mkungu wa kwanza kupandishwa bodini.